Nani Alikosea? Swali Linalotunyima Majibu

Saa sita na dakika 42 mchana, tarehe 17 Januari 2008, ndege ya abiria aina ya Boeing 777 ya British Airways ilijibwaga kwenye majani ya uwanja wa Heathrow, London, takribani mita 330 kabla ya kuifikia lami. Ilikuwa imetoka Beijing, China, ikiwa na abiria 136 na wafanyakazi 16. Magurudumu makuu ya upande wa kulia yaling'oka, ya upande wa kushoto yakasukumwa juu hadi yakalitoboa bawa. Ndege ikaserereka juu ya tope na kusimama mwanzoni mwa njia ya kutulia. Watu wote 152 walitoka hai. Mmoja alivunjika mguu, na wengine kadhaa walipata majeraha madogo. Ndege yenyewe haikuruka tena.

Huenda msomaji atauliza mkasa huo wa London una uhusiano gani nasi. Jibu langu ni kwamba umetufundisha jambo ambalo sisi, katika ofisi zetu, vyuo vyetu na serikali yetu, hatujalishika. Sizungumzii ufundi wa ndege, kwa kuwa si taaluma yangu. Nazungumzia namna jamii inavyouliza maswali baada ya jambo kuharibika.

Tuanze na yaliyotokea angani. Ndege ikiwa futi 720 kutoka ardhini, injini ya kulia ilipungukiwa nguvu. Sekunde saba hivi baadaye, ya kushoto nayo ikafuata. Injini hazikuzimika; ziliendelea kuunguruma, lakini zilipoamriwa kuongeza nguvu hazikuitikia. Usukani ulikuwa mikononi mwa rubani msaidizi, John Coward. Rubani mkuu, Peter Burkill, alipunguza kiasi cha kushushwa kwa vipande vya nyuma ya mabawa, vile vinavyoisaidia ndege kuelea ikiwa katika mwendo mdogo, ili kuipunguzia ukinzani wa hewa. Hatua hiyo iliiwezesha ndege kusogea mbele kidogo zaidi kabla ya kugusa ardhi. Yote hayo yalitokea katika muda usiozidi ule anaoutumia mtu kufunga kamba za viatu.

Sasa fikiria, ndugu msomaji, ajali hiyo ingetokea kwetu. Swali la kwanza lingekuwa lipi? Naamini unalijua: nani alikosea? Rubani alilala? Fundi alihongwa? Nani alijaza mafuta machafu? Kabla ya jua kutua tungekuwa na jina, na kabla ya juma kwisha mwenye jina hilo angekuwa amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi.

Wachunguzi wa Uingereza walianza kwa swali jingine: ni nini kilichofanya injini mbili zikose nguvu karibu kwa wakati mmoja? Walitumia takribani miaka miwili kulijibu. Walipima mafuta, wakakuta ni safi, yenye ubora unaotakiwa. Waligundua kwamba katika safari ile ndefu mafuta yalipoa hadi nyuzi 34 chini ya sifuri, ilhali yenyewe yasingeganda hadi nyuzi 57 chini ya sifuri. Kwa hiyo si mafuta yaliyoganda. Kilichoganda ni chembe za maji ambazo huwamo katika mafuta yoyote ya ndege, hata yaliyo safi. Barafu hiyo laini ilijikusanya taratibu katika mabomba kwa saa nyingi. Ndege ilipokaribia kutua na injini zikahitaji mafuta mengi zaidi, barafu ikang'oka kwa mkupuo na kuziba uso wa kifaa ambacho kazi yake ni kuyapasha moto mafuta kabla hayajaingia katika injini. Kifaa kilichowekwa kuondoa hatari ya baridi ndicho kilichozibwa na barafu.

Je, nani alikosea? Marubani walifuata taratibu, na mafundi vilevile. Mtengenezaji alikuwa ametimiza kanuni za uthibitisho za wakati ule, na kanuni zenyewe hazikuitaja hatari hiyo kwa sababu ilikuwa haijatambuliwa. Swali la "nani" lilikuwa halina jibu. Lau wangeling'ang'ania, wangelazimika kubuni jibu, na barafu ingeendelea kujikusanya katika mabomba ya ndege nyingine.

Faida ya swali sahihi ilionekana kabla hata ripoti ya mwisho haijatoka. Mwezi Septemba 2008 wachunguzi walitoa taarifa ya muda, na marubani wa ndege zenye injini za aina ile wakaelekezwa la kufanya tatizo likitokea angani. Tarehe 26 Novemba mwaka huohuo, ndege ya Delta iliyokuwa ikitoka Shanghai kwenda Atlanta ilipata tatizo lilelile katika injini moja ikiwa juu ya jimbo la Montana, Marekani. Marubani walifuata maelekezo, injini ikarudi katika hali yake, nao wakatua Atlanta salama. Baadaye kifaa kile kikabuniwa upya. Abiria wengi wa ndege ya Delta huenda hawakujua kamwe kwamba usalama wao ulitokana na tope la Heathrow.

Upo mfano mwingine katika ripoti hiyo, mdogo, ambao naupenda zaidi kwa sababu unatuhusu sisi watu wa makaratasi. Baada ya ndege kusimama, mafuta yaliendelea kuvuja, na ingewezekana moto ulipuke. Sababu mojawapo ni kwamba swichi za dharura zilitumika kwa mpangilio ambao, kwa kuwa nyaya zilikuwa zimekatika, uliacha njia ya mafuta ikiwa wazi. Hapo ndipo mtu wa kulaumiwa angepatikana kwa urahisi: fulani alibonyeza hiki kabla ya kile. Lakini wachunguzi waliifuata orodha ya hatua waliyopewa marubani wale, wakaona kwamba orodha hiyo iliwagawia watu wawili kazi zinazotegemeana bila kuhakikisha ipi inatangulia. Wakapendekeza orodha irekebishwe. Orodha ikirekebishwa, humlinda rubani wa leo na wa miaka 20 ijayo. Rubani akifukuzwa, orodha mbovu hubaki ikimsubiri mrithi wake.

Sisemi kwamba Waingereza ni malaika. Huko nako palizuka uvumi kwamba rubani mkuu alipigwa na butwaa wakati wa hatari, na uvumi huo ulimtesa kiasi cha kuchangia kumtoa katika kazi yake kwa muda, ingawa yeye na wenzake walitunukiwa nishani ya usalama. Hamu ya kumpata mtu wa kumnyooshea kidole ni ya binadamu wote. Tofauti ni kwamba wenzetu walijenga taasisi isiyoendeshwa na hamu hiyo. Na kanuni inayoiongoza si mali yao peke yao. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, una kiambatisho cha 13 kinachoeleza kwamba lengo pekee la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au dhima. Tanzania ni mwanachama wa shirika hilo. Kwa hiyo tayari tunayo, katika kona moja ya sheria zetu, falsafa ambayo hatujairuhusu itoke katika viwanja vya ndege na kuingia mahali pengine.

Naomba sasa nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika idara moja ya chuo nilikokuwa nikifundisha, matokeo ya mitihani ya masomo mawili yaliingizwa kimakosa: alama za somo moja zikasomeka katika jingine. Wanafunzi waliofaulu wakaonekana wamefeli. Mmoja wao, kijana wa mwaka wa tatu, alikosa jina lake katika orodha ya wahitimu, na wazazi wake walikuwa wameshakata tiketi za basi kuja mahafali. Hasira ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Kikaundwa kikao, nami nikawa mjumbe.

Tulimwita karani wa mitihani, mama wa makamo aliyekuwa amehudumu miaka mingi. Tulimpa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Alijieleza kwa nusu ukurasa, akakiri na kuomba radhi. Akahamishiwa ofisi nyingine, na sisi tukaandika katika muhtasari kwamba suala limeshughulikiwa. Nami niliweka sahihi yangu.

Mihula miwili baadaye kosa lilelile lilitokea, safari hii chini ya karani mpya, kijana hodari wa kompyuta. Hapo ndipo mmoja wetu alipopendekeza tukae naye mezani tumwangalie anavyofanya kazi. Ilituchukua chini ya saa moja kuona kwamba alama zilinakiliwa kwa mkono kutoka fomu za karatasi, kwamba namba za masomo yale mawili zilitofautiana kwa tarakimu moja tu, na kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu mmoja, usiku, katika siku tatu za mwisho, kwa sababu sisi walimu tulichelewa kuleta alama. Naam, sisi walimu, tukiwamo wajumbe wa kikao kile.

Siku moja nilikutana na yule mama kwenye korido. Nilimsalimu kwa aibu. Baada ya kujuliana hali akaniambia, bila uchungu wowote, "Dokta, mliniuliza kama ni mimi, nikawaambia ni mimi. Hakuna aliyeniuliza kazi yenyewe inafanyikaje."

Sijawahi kusikia muhtasari bora zaidi wa utawala wetu.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tumeizoea methali hiyo kama onyo kwa mtu mmoja mmoja, lakini tuitazame tena. Katika kisa cha idara yetu ni nani aliyerudia kosa? Yule mama alikuwa ameshahamishwa, na yule kijana alikuwa anakosea kwa mara ya kwanza. Aliyerudia kosa ni ofisi. Na ofisi haiwezi kuandikiwa barua ya kujieleza, kwa hiyo tukawaandikia watu.

Tukitoka katika korido za chuo na kulitazama Ziwa Victoria, kisa kinakuwa kizito zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyokuwa na watu 43, iliangukia ziwani katika hali mbaya ya hewa ikijaribu kutua Bukoba, kwenye uwanja ulio ukingoni kabisa mwa maji. Watu 24 walinusurika na 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili.

Matukio hayo matatu yana vyanzo tofauti, nami sitayachanganya. Lakini yanafanana katika sura moja: waliotangulia kufika majini na kuokoa watu walikuwa zaidi wananchi wa kawaida wenye mitumbwi yao. Wengi wetu tunazikumbuka picha za Bukoba, mkia wa ndege ukiwa juu ya maji na watu pwani wakivuta kamba kwa mikono. Kati ya MV Bukoba na ajali hiyo ilipita miaka 26. Ziwa ni lilelile, na wavuvi ni watoto wa wavuvi wale.

Tuliitikiaje? Baada ya MV Nyerere, miongoni mwa maagizo ya mwanzo ya Rais John Magufuli lilikuwamo la kukamatwa kwa waliohusika na usimamizi wa kivuko. Baada ya ajali ya ndege ya Bukoba, kijana mvuvi aliyewahi kufika na kusaidia uokoaji alizawadiwa fedha na kupewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na simwonei kijicho hata kidogo. Lakini tuangalie kwa makini: kumtafuta mkosaji na kumtafuta shujaa ni swali moja lenye nyuso mbili. Yote mawili yanauliza "nani". Mkosaji anatupa wa kumlaani, shujaa anatupa wa kumpigia makofi, na katika hali zote mbili tunarudi nyumbani tukiwa tumeridhika. Kati yao linabaki swali ambalo halina sura ya kupigwa picha: kwa nini uwanja wa ndege ulio kando ya ziwa ulitegemea kasia la mvuvi? Ripoti ya awali ya uchunguzi yenyewe iligusia udhaifu wa uokoaji. Je, ni wangapi kati yetu waliomshangilia yule kijana, na ni wangapi waliotafuta kujua kilichobadilika baada ya ripoti hiyo?

Najua pingamizi linalokuja, na ni pingamizi la maana. Wanaharakati wataniambia, "Dokta, unawafunika wazembe. Katika nchi ambayo wakubwa hawawajibiki, wewe unatuambia tusiulize nani?" Wana haki ya kuhoji. Ofisa anayepokea rushwa ili kivuko kijazwe kupita kiasi si mwathirika wa mfumo. Ni mhalifu, na mahali pake ni mahakamani. Hata kiambatisho cha 13 hakifuti mahakama. Kinachotaka ni kwamba kazi ya kujifunza na kazi ya kuhukumu zisifanywe katika chumba kimoja. Kwa sababu mtu anayejua kwamba kila atakalosema litamfunga hatasema kitu, na ukweli anaouficha ndio ambao ungeokoa maisha ya watu mwakani.

Zaidi ya hapo, swali la "nani" jinsi tunavyoliuliza haliwagusi wakubwa hata kidogo. Humpata nahodha, karani, mlinzi, muuguzi wa zamu. Hushuka ngazi hadi likute mtu asiyeweza kujitetea, kisha husimama hapo. Swali la "kwa nini" ndilo linalopanda ngazi. Kwa nini abiria wa Ukara walipanda chombo kilichojaa? Walikuwa na chombo gani kingine cha kuwafikisha nyumbani siku ile? Nani alipanga idadi ya vivuko, na kwa bajeti ipi? Anayetaka wakubwa wawajibike kwa dhati ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulidai swali hilo. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970 kwa sababu ya mauaji ya mahabusu huko Shinyanga, hakuna aliyedai kwamba aliyatenda kwa mkono wake. Alikubali kwamba taasisi ikikosea, mwenye dhamana ya taasisi hana pa kujificha.

Nini kifanyike? Nawaambia watumishi wa umma kwanza, kwa kuwa ninyi ndio mnaoandika mihtasari. Jambo likiharibika ofisini kwako, kabla ya kuandaa barua ya kumtaka mtu ajieleze, nenda ukakae kando ya meza yake, umwombe akuonyeshe kazi inavyofanyika. Haigharimu fungu lolote la bajeti. Wanafunzi wangu, mnapofanya tafiti kuhusu majanga yetu, msiishie kwenye idadi ya waliokufa na majina ya waliofukuzwa. Fuatilieni mapendekezo ya tume yaliyotekelezwa na yaliyobaki kabatini. Nanyi wanaharakati, dai la ripoti kuwekwa hadharani, kwa Kiswahili, pamoja na jedwali la utekelezaji wa kila pendekezo na tarehe yake, lina nguvu kuliko dai la kichwa cha mtu. Kichwa kimoja hupatikana kwa siku moja, na kesho yake kila kitu huwa kama jana.

Yule kijana wa mwaka wa tatu alihitimu mwaka uliofuata. Wazazi wake hawakuja. Nauli ya pili haikupatikana. Siku hizi idara ile huingiza alama kwa watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akihakiki, na namba za masomo yale mawili zimebadilishwa. Marekebisho hayo yote hayakuchukua hata siku nzima. Yangeweza kufanyika mihula miwili kabla, mbele ya kikao kilekile nilichoketi, laiti mmoja wetu angemwuliza yule mama swali aliloningojea nalo kwenye korido.